Hewa ya ukaa kiwandani: tudai hesabu kamili

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie dai ambalo siku hizi linarudiwa mara kwa mara redioni na kwenye mikutano ya mazingira, kwamba kaboni dioksidi, ile hewa ya ukaa inayotoka kwenye mabomba ya moshi ya viwanda, sasa yaweza kugeuzwa plastiki na kwa njia hiyo ikaondolewa angani. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Lamu. Sehemu ya dai hilo ni kweli, tena ni kweli iliyopatikana kwa utafiti wa miaka mingi na inayostahili kuheshimiwa, lakini sehemu nyingine si kweli hata kidogo, na msomaji wa kawaida hapewi njia yoyote ya kuzitenganisha.

Njia inayozungumziwa huanzia kwenye gesi tunayopikia majumbani. Gesi hiyo, ile ya mitungi, ni mchanganyiko wa propani na butani. Molekuli ya propani ina atomu tatu za kaboni na nane za haidrojeni. Ukiondoa haidrojeni mbili unabaki na propilini, na molekuli za propilini zikiunganishwa kuwa minyororo mirefu hupatikana polipropilini, ambayo ndiyo plastiki ya magunia ya mchele, ya ndoo, ya viti vinavyokodishwa harusini na ya ile kamba ya wavuvi inayoelea juu ya maji badala ya kuzama. Ethani, hewa ya jamii hiyo hiyo yenye atomu mbili za kaboni, nayo ikiondolewa haidrojeni mbili hutoa ethilini, hewa ile ile ambayo embe hujitengenezea lenyewe linapoiva. Kila mwaka ulimwengu hutengeneza propilini zaidi ya tani milioni 100. Nyingi yake bado hupatikana kwa kupasua nafta na mafuta mazito kwa joto kali, lakini sehemu inayozidi kukua hutokana na njia hii ya kuing'oa haidrojeni kwenye propani.

Kuing'oa huko si kazi nyepesi. Kila moli moja ya propani (moli ni kipimo cha wakemia cha idadi ya molekuli) hudai takriban kilojuli 124 za joto, na kiwanda hulazimika kufanya kazi kati ya nyuzi 550 na 650 za Selisiasi. Hata hapo mmenyuko wenyewe, yaani badiliko hilo la kikemia, ni wa kwenda na kurudi: propilini na haidrojeni zikikaa pamoja huanza kuungana tena, kiasi kwamba katika karibu nyuzi 600, kwa shinikizo la kawaida la hewa, takriban nusu tu ya propani ndiyo hugeuka. Zaidi ya hayo, sehemu ndogo ya propani huvunjika kabisa na kuacha masizi ya kaboni juu ya kichocheo, yaani kile kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika, na kichocheo kilichofunikwa na masizi hakifanyi kazi. Viwanda vingine hutumia platinamu iliyochanganywa na bati. Vingine hutumia oksidi ya kromiamu, yaani metali hiyo ikiwa imeungana na oksijeni, iliyotandazwa juu ya alumina, ambayo ni oksidi ya alumini, njia yenye mizizi katika kazi ambayo Wamarekani Frey na Huppke waliichapisha mwaka 1933, na katika viwanda hivyo propani hupitishwa kwa dakika chache tu, kisha mlango wake hufungwa, hewa ikapulizwa na masizi yakachomwa, ndipo propani iruhusiwe tena, hivyo hivyo usiku na mchana.

Msomaji atauliza kwa nini oksijeni ya kawaida isitumike kuichukua ile haidrojeni. Inaweza kutumika, na mmenyuko huo hata hutoa joto badala ya kulidai, lakini oksijeni haijui kuacha: ikishaichukua haidrojeni huendelea kuiunguza propilini yenyewe mpaka ikawa kaboni dioksidi na maji, na mchanganyiko wa oksijeni na gesi ya kupikia unaweza kulipuka. Hapa ndipo kaboni dioksidi inapoingia. Atomu zake zimeshikamana kwa nguvu sana. Kuinyang'anya oksijeni moja hugharimu kilojuli 532 kwa kila moli, kwa hiyo oksijeni yake hutoka kwa shida na haina ukali wa kuiunguza propilini ovyo. Haidrojeni iliyotoka kwenye propani hukutana na kaboni dioksidi, zikatoa kaboni monoksidi na maji, na kwa kuwa haidrojeni imeondolewa njiani, msawazo wa mmenyuko, yaani mizani kati ya kwenda na kurudi, husukumwa upande wa propilini, kwa kanuni ambayo Mfaransa Henri Le Chatelier aliieleza tangu mwaka 1884. Kaboni dioksidi pia hula masizi. Atomu moja ya kaboni iliyoganda juu ya kichocheo, ikikutana na molekuli moja ya kaboni dioksidi katika joto hilo, huondoka nayo ikiwa molekuli mbili za kaboni monoksidi.

Lakini hayo hayatokei yenyewe hewani. Hutokea juu ya kichocheo, na kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa somo. Oksidi ya metali ikiachwa peke yake katika joto kali hujikusanya kuwa madonge, na atomu nyingi hubaki ndani ya donge ambako gesi haifiki. Ndiyo sababu hutandazwa juu ya msingi wa kitu kingine kinachostahimili joto, kama silika (ile iliyomo katika mchanga), alumina au zirkonia (oksidi ya zirkoniamu). Msingi huo umejaa matundu kama jiwe la matumbawe tunalojengea nyumba za Mji wa Kale, ila matundu yake ni madogo mno hata hayaonekani kwa jicho: gramu moja ya alumina ina uso wa ndani wa mita za mraba 100 hadi 300, na aina fulani za silika hufika mita za mraba 1,000. Oksidi hutandazwa juu ya uso wote huo, kiasi kwamba karibu kila atomu ya metali iko wazi kwa gesi inayopita.

Utengenezaji wake maabarani ni wa kushangaza kwa wepesi. Huchukuliwa fuwele za nitrati ya kromiamu, ambazo rangi yake ni zambarau iliyokolea, zikayeyushwa katika maji yaliyopimwa yatoshe kujaza matundu ya unga wa silika bila kuzidi. Maji hayo hudondoshwa kidogo kidogo huku unga ukikorogwa, mpaka wote upate unyevu lakini usigeuke uji. Hukaushwa usiku kucha katika nyuzi 110 au 120, kisha huchomwa hewani katika nyuzi 500 hadi 600. Unga ule uliokuwa mweupe mwanzoni sasa huwa wa manjano, nayo ni dalili ya kromiamu iliyozungukwa na oksijeni nyingi. Ukipitishiwa propani ya moto, manjano hufifia na kijani hutokea, kwa sababu kromiamu imetoa sehemu ya oksijeni yake ili kuichukua haidrojeni. Waholanzi Mars na van Krevelen walieleza mwaka 1954 jinsi oksidi inavyoweza kutoa oksijeni yake mwenyewe kisha ikarudishiwa kutoka kwenye gesi, na katika mmenyuko tunaouzungumzia kazi ya kurudisha ndiyo inayoachiwa kaboni dioksidi. Vanadiamu nayo hufuata njia kama hiyo. Kwa galiamu, ambayo Wajapani waliijaribu pamoja na ethani na kaboni dioksidi na kuchapisha matokeo mwaka 1998, njia inayopewa uzito zaidi ni ile ya hatua mbili: kwanza haidrojeni hung'oka, baadaye ndipo hukutana na kaboni dioksidi.

Jambo ambalo ningependa kila mwandishi wa habari za sayansi alikumbuke ni kwamba msingi wenyewe una sauti katika matokeo. Katika majaribio yaliyofanywa Japani mwishoni mwa miaka ya 1990, oksidi ya kromiamu juu ya silika ilitoa propilini zaidi ilipopewa kaboni dioksidi, ilhali oksidi hiyo hiyo juu ya alumina ilitoa pungufu. Kaboni dioksidi ni hewa yenye asili ya tindikali, na juu ya msingi usiofaa hung'ang'ania mahali ambapo propani ilipaswa kutua. Basi mtu anayesema kwamba kiwanda chake "kinatumia kaboni dioksidi" hajasema chochote kuhusu kama hewa hiyo inasaidia kazi au inaizuia, mpaka aseme ni oksidi gani, juu ya msingi gani, na katika joto gani.

Aseme pia oksidi hiyo itakwenda wapi baada ya kuchoka. Kromiamu ile ya manjano husababisha saratani na huyeyuka katika maji, na kichocheo kilichokwisha muda wake si kitu cha kumwagwa karibu na mikoko ambayo kaa na kamba wetu huzalia. Ni sababu kubwa inayowafanya watafiti watafute oksidi za vanadiamu, galiamu, zinki na seriamu badala yake, ingawa vanadiamu nayo ina sumu yake, na galiamu ni ghali kwa kuwa hupatikana kwa uchache kama zao la pembeni wakati madini ya alumini yanaposafishwa.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapo ndipo wananchi wanapodanganyika. Kwa bahati, moli moja ya propani na moli moja ya kaboni dioksidi zina uzito sawa, gramu 44. Gramu 44 za propani zikikutana na gramu 44 za kaboni dioksidi na kila kitu kikaenda sawasawa, hutoka gramu 42 za propilini, gramu 28 za kaboni monoksidi na gramu 18 za maji. Zifuate atomu za kaboni moja moja. Kaboni tatu zilizomo ndani ya propilini zote zilitoka kwenye propani, yaani kwenye gesi iliyochimbwa ardhini. Kaboni iliyotoka kwenye kaboni dioksidi imo ndani ya kaboni monoksidi, na haikuingia katika propilini wala katika plastiki itakayotokana nayo. Ndoo iliyotengenezwa kwa njia hii haina ndani yake hata chembe ya kaboni ya moshi, na anayeiuza kwa madai hayo anamdanganya mnunuzi.

Swali basi ni kaboni monoksidi inakwenda wapi. Ikichomwa ili kupata joto, hurudi kuwa kaboni dioksidi ile ile, gramu 44 zilizoingia zikatoka gramu 44 kupitia bomba la moshi, na mbingu haikupata nafuu yoyote. Ikichanganywa na haidrojeni na kutengenezwa methanoli au kemikali nyingine za kudumu, hapo kuna faida ya kweli, ingawa haidrojeni hiyo nayo yapaswa itoke mahali pasipozalisha moshi. Wasomaji wa pwani hawahitaji kufundishwa na mimi kwamba kaboni monoksidi ni hatari. Ndiyo hewa inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani wakiwa wamefunga madirisha, haina rangi wala harufu. Kiwanda kinachoizalisha kwa tani lazima kiwe na vipima hewa, mabomba yasiyovuja na wafanyakazi waliofunzwa.

Tuseme, kwa ajili ya mjadala, kwamba propilini yote ya dunia, hizo tani milioni 100 na zaidi, ingetengenezwa kwa njia hii na kwamba hakuna kaboni monoksidi hata kidogo ingechomwa. Kila tani ya propilini ingetumia takriban tani moja ya kaboni dioksidi. Wanadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa hiyo kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Tani milioni 100 ni chini ya sehemu moja katika mia tatu za kiasi hicho, na hiyo ni katika hali bora ambayo haitatokea.

Joto nalo lina deni lake. Mmenyuko wa propani na kaboni dioksidi kwa pamoja hudai takriban kilojuli 164 kwa kila moli, zaidi ya zile 124 za mwanzo, kwa kuwa kuivunja kaboni dioksidi ni kazi ya ziada. Kwa tani moja ya propilini hiyo ni takriban gigajuli 3.9, na gigajuli moja ya joto la gesi asilia huja na takriban kilo 56 za kaboni dioksidi, kwa hiyo zaidi ya kilo 200 zimeshatoka kabla hatujahesabu joto linalopotea, umeme wa kugandamiza gesi na kazi ya kutenganisha vilivyotoka. Kutenganisha kwenyewe si jambo dogo: propani huchemka katika nyuzi 42 chini ya sifuri na propilini katika nyuzi 48 chini ya sifuri, na kwa tofauti ndogo kiasi hicho viwanda hujenga minara mirefu na kuipoza kwa gharama kubwa. Joto likitoka kwenye umeme wa upepo, jua au mvuke wa ardhini, hesabu hubadilika, na kwa nchi yetu yenye mvuke wa ardhini wa Olkaria na upepo wa Turkana hilo si wazo la ndotoni.

Kisha kuna suala la hewa yenyewe itatoka wapi. Wanaochoma chokaa hapa pwani hupanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, wakawasha moto, na kila kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 44 za kaboni dioksidi na kubakiza kilo 56 za chokaa, bila kuhesabu moshi wa magogo. Viwanda vya saruji hufanya jambo lile lile kwa kiwango kikubwa zaidi. Lakini hewa hiyo hutoka ikiwa imechanganyika na naitrojeni, oksijeni, vumbi na mara nyingine salfa, na salfa huharibu vichocheo vingi. Lazima ikamatwe na kusafishwa kwanza, na kazi hiyo nayo hula nishati.

Sisemi haya ili kuvunja moyo wa yeyote. Naamini utafiti huu una thamani, na nikilazimishwa kutaja mahali ninapoona faida ya karibu ningetaja stirini, malighafi ya plastiki ya polistirini, ambayo hutengenezwa kwa kuondoa haidrojeni kwenye ethilibenzini juu ya oksidi ya chuma yenye potasiamu. Viwanda hupitisha mvuke mwingi wa maji katika kazi hiyo, na mvuke ukipozwa kuwa maji joto lake kubwa hupotea. Watafiti wa Korea Kusini wameonyesha kwamba kaboni dioksidi yaweza kuchukua nafasi ya mvuke huo na kupunguza upotevu. Ni akiba ya nishati, na akiba inapimika, hata kama haina mvuto wa kichwa cha habari. Kwa propani na ethani, njia hii ya kaboni dioksidi bado haijaingia viwandani kwa kiwango kikubwa, na kikwazo kikubwa ni kichocheo kinachodumu.

Kwa nini mtu wa Lamu ajishughulishe na haya? Kwa sababu mpango wa LAPSSET, ule wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa hapa Machi 2012 ulikuwa na bomba la mafuta na kiwanda cha kusafishia mafuta ndani yake, na gati ya kwanza ya bandari ilianza kazi Mei 2021. Penye bandari na mafuta, viwanda vya kemikali havikai mbali. Wakazi wa Lamu walishapitia mjadala wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, ambao leseni yake ilifutwa na Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal) Juni 2019, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kushirikishwa kunahitaji namba. Mzee wa mtaa akiitwa kwenye kikao na kuambiwa kwamba kiwanda kinachokuja "kinakula hewa chafu," ana haki ya kuuliza kinakula tani ngapi na kinatoa ngapi, joto lake linatoka wapi, kaboni monoksidi inaishia wapi, na kichocheo kilichochoka kinazikwa kwa nani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti lako linapochapisha habari ya aina hii liambatanishe hesabu yake, japo kwa mistari mitano, na limtafute mkemia wa chuo kikuu chochote chetu aipitie kabla ya kuchapwa. Kwa walimu wenzangu wa shule za upili, hesabu niliyoitoa hapo juu haihitaji zaidi ya jedwali la elementi na somo la mimenyuko ya kwenda na kurudi ambalo tayari tunalifundisha, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne huimaliza katika kipindi kimoja. Nikihitajika kuiandika hatua kwa hatua kwa ajili ya ukurasa wa elimu, pamoja na ile ya ethani ambayo sikuigusa hapa, niko tayari.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kemia,
Langoni, Lamu